Shangazi, mimi nahofia majambazi, mume wangu ananiambia niogope barabara

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili. Mkubwa yuko darasa la nne, mdogo ndiyo kwanza ameanza shule. Tumepanga nyumba katikati ya jiji, na karibu kila tunachokihitaji tunakifikia kwa miguu: shule ya watoto, zahanati, hata ofisi ninayofanyia kazi.

Majuzi jirani yetu wa chini alivamiwa usiku akirudi kutoka kazini. Walikuwa vijana watatu, mmoja ana kisu. Walichukua simu, na alipoung'ang'ania mkoba wakamchana mkono kuanzia kwenye kiwiko hadi karibu na kiganja. Mimi ndiye niliyesikia akigonga, nikashuka kumfungulia. Damu ilikuwa imefika hadi kwenye kitasa. Alishonwa, yuko hai, lakini mimi tangu usiku ule silali vizuri. Kila habari ya mauaji inayopita kwenye simu naisoma hadi mwisho. Kundi la wapangaji nalo halinyamazi: leo fulani kaporwa, kesho fulani kakabwa.

Nimepata nyumba nje kabisa ya jiji. Kuna utulivu, kuna ukuta, watoto wa huko wanacheza nje mpaka jioni bila mtu kuwaita. Tatizo ni kwamba kazi zetu na shule vitabaki mjini. Ina maana watoto wapande gari la shule kabla hakujapambazuka, mimi nipande gari la abiria, na mume wangu aje na pikipiki yake, wote kupitia barabara kuu inayopitisha malori.

Mume wangu amekataa. Amesema, "Unakimbia kisu ukagongwe na lori." Akanionyesha takwimu kwenye simu yake kwamba barabara zinaua watu wengi kuliko wauaji, kisha akacheka, akasema hofu ndiyo inayoniendesha. Nikamwambia takwimu hazikushuka ngazi kumfungulia jirani. Tangu siku hiyo tunazungumza habari za watoto tu.

Na huyu anayenihubiria ajali ndiye anayeendesha pikipiki huku kofia ngumu ameining'iniza mkononi. Nikimsema, jibu lake ni moja: ajali haina kinga.

Shangazi, nani kati yetu yuko sahihi? Nishikilie tuhame, au niache?

Mama asiyelala

---

Marahaba, mpwa wangu, na pole sana.

Kumfungulia mlango mtu anayevuja damu si jambo la kupita baada ya siku mbili. Mwili wako unashtuka kwa sababu umeona kitu cha kushtua, na hakuna anayestahili kukucheka kwa hilo. Usingizi ukiendelea kukukimbia, nenda pale zahanati uombe kuonana na mtu anayeshughulikia afya ya akili. Lifanye hilo kwanza, mapema kuliko mjadala wa nyumba, maana uamuzi wa kuhama unaofanywa na mtu asiyelala huwa unafanywa na usingizi uliokosekana.

Sasa nikujibu bila kuzunguka. Kuhusu kipi kinaua zaidi, mume wako yuko sahihi. Kuhusu namna alivyokwambia, amekosea. Na kuhusu ile kofia inayoning'inia mkononi, yeye mwenyewe haziamini takwimu anazokuonyesha. Nyumba ile, kwa jinsi ulivyonieleza safari zake, mimi nisingehamia.

Hizi hapa hesabu zenyewe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani. Mwaka huohuo, Ofisi ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya na Uhalifu ilikadiria watu 458,000 waliouawa kwa makusudi. Ukizigawa kwa idadi ya watu duniani, barabara ilichukua watu 15 katika kila watu 100,000, na mauaji yakachukua watu 5.8. Kwa wenye umri wa miaka 5 hadi 29, ambao ndani yake wamo watoto wako wote wawili na pengine wewe mwenyewe, hakuna kitu kinachoua zaidi ya barabara. Si ugonjwa wowote, si kisu.

Lakini mume wako asikimbilie kushangilia. Hesabu ya dunia si hesabu ya mtaa wenu. Zipo nchi ambako mizani inaelemea upande wa pili. Afrika Kusini, katika miaka ya karibuni, mauaji yamekuwa zaidi ya mara mbili ya vifo vya barabarani. Jamaika mwaka 2022 waliuawa watu karibu 1,500, na waliokufa barabarani hawakufika 500. Mtu anayeishi kwenye mtaa wa namna hiyo akiniandikia barua kama yako, sitamsomea wastani wa dunia. Kwa hiyo, kabla hamjaendelea kubishana, tafuteni taarifa ya polisi ya wilaya yenu na ya wilaya ile mnayotaka kuhamia, ya mauaji na ya ajali zote mbili, mwaka uleule, na mzigawe kwa idadi ya watu. Wilaya yenye watu wengi lazima iwe na matukio mengi, hilo peke yake halisemi kitu.

Mkishazipata, angalieni pia nani anauawa na nani anaua. Duniani kote, katika kila watu 10 wanaouawa, takribani 8 ni wanaume, na mengi ya mauaji hayo yanatokana na magenge, ugomvi na visasi kati ya watu wanaofahamiana. Kwa wanawake hali ni nyingine, na inasikitisha: zaidi ya nusu ya wanawake waliouawa mwaka 2021 waliuawa na wenzi wao au na watu wa familia, mara nyingi ndani ya nyumba walimolala. Yule mgeni wa gizani unayemwona kila ukifumba macho yupo, jirani yako amekutana naye, lakini katika vifo vya wanawake yeye si mkosaji mkuu. Ukuta wa nyumba mpya unamzuia huyo mgeni tu.

Nisikuache hapo, kwa sababu najua utaniambia: Shangazi, mimi siogopi kufa tu. Ni kweli. Kukabwa, kuchanwa, kubakwa, kutembea umeshika funguo kwenye ngumi, hayo yote ni madhara hata kama mtu hafi, na anayelinganisha maiti kwa maiti anayaruka. Mume wako ameyaruka. Ila barabara nayo ina majeruhi wake. Shirika la Afya Duniani linasema kati ya watu milioni 20 na 50 hujeruhiwa barabarani kila mwaka bila kufa, na wengi hubaki na ulemavu. Pita wodi ya mifupa ya hospitali yoyote kubwa uwaulize waliotundikwa miguu walikuwa wanafanya nini. Utawakuta walikuwa wanakwenda kazini, wanatoka shule, wanavuka barabara.

Swali lako lenyewe, la kukimbia jiji kwa sababu ya majambazi, limewahi kufanyiwa utafiti. William Lucy wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, alichukua mambo mawili yanayomuua mtu akitoka nje ya nyumba yake, yaani ajali za barabarani na kuuawa na mtu asiyemjua, akayajumlisha pamoja kwa kila eneo alilolichunguza. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2003. Watu wengi wangedhani katikati ya miji ndiko kwenye hatari. Aliyoyakuta ni kinyume: maeneo ya mbali, yenye nyumba chache na utulivu mwingi, mara nyingi ndiyo yaliyokuwa na vifo vingi zaidi kwa idadi ya watu wake. Wageni wauaji walikuwa wachache sana kila mahali, na waliohama kuwakwepa walikuwa wamejiongezea kilomita nyingi za barabara za mwendo kasi kila siku. Marekani si kwenu, lakini utaratibu wa hatari ni uleule popote: kilomita zikizidi na kasi ikizidi, vifo vinazidi.

Kuna na tukio jingine ninalolikumbuka kila mtu anaponiambia anabadilisha maisha kwa sababu ya hofu. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, ambapo magaidi waliteka ndege 4 za abiria, Wamarekani wengi waliacha ndege wakaenda safari zao ndefu kwa gari. Mwanasaikolojia wa Ujerumani, Gerd Gigerenzer, alipiga hesabu akakadiria kwamba katika miezi 12 iliyofuata, watu kama 1,500 zaidi ya kawaida walikufa barabarani kwa sababu ya uamuzi ule. Waliokuwa ndani ya zile ndege 4 zilizotekwa hawakufika hata 300. Wale walioacha ndege hawakuwa wajinga. Walikuwa wameona kitu cha kutisha na wakafanya ambacho wewe unataka kufanya sasa.

Kwa nini kisu kinatuingia moyoni kuliko lori? Kisu kina mtu nyuma yake, mtu aliyekusudia. Na hutangazwa. Mauaji mamoja yanazungumzwa wiki nzima, yana picha, yana mshukiwa, yana mama anayelia. Mtu aliyegongwa alfajiri barabara kuu anapata mistari miwili, au hapati kabisa, maana jana yake kulikuwa na mwingine na kesho yupo mwingine. Wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman walionyesha tangu mwaka 1973 kwamba binadamu hupima ukubwa wa jambo kwa wepesi wa mifano inayomjia kichwani. Kichwa chako kimejaa mfano mmoja wa damu kwenye kitasa, na kila usiku kundi la wapangaji linaongeza mingine. Jitoe kwenye lile kundi kwa muda, au angalau lizime sauti kuanzia jioni. Likiwa na taarifa ya maana, jirani atakugongea.

Barabara tena inatudanganya kwa mazoea. Mtu akishika usukani anahisi ameshika maisha yake. Na gari likiua, tunasema ni bahati mbaya, tunazika, tunaondoka. Hapo ndipo maneno ya mume wako yanaponiudhi kupita kiasi. Ajali haina kinga? Ina kinga, tena inajulikana na inapimika, kuliko kinga yoyote ya jambazi. Kofia ngumu iliyovaliwa na kufungwa kamba kidevuni inapunguza majeraha ya ubongo kwa hadi asilimia 74. Mkanda unapunguza uwezekano wa kufa kwa aliye ndani ya gari kwa hadi nusu. Kasi ya wastani ya magari ikipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua inapanda kwa asilimia 4. Mtu anayetembea akigongwa na gari lenye mwendo wa kilomita 65 kwa saa, uwezekano wa kufa ni mara 4 na nusu ya yule aliyegongwa kwa kilomita 50. Tofauti ya kilomita 15 tu, ambayo dereva hata haihisi mguuni. Jiji la Oslo, Norway, lilipunguza mwendo wa magari, likaondoa sehemu nyingi za kuegesha katikati ya mji na kuwapa nafasi watembea kwa miguu na baiskeli. Mwaka 2019 mzima hakugongwa hata mtembea kwa miguu mmoja akafa. Ajali isiyo na kinga ingewezaje kukatika hivyo?

Sasa tuitazame safari yenyewe ya nyumba ile, kila mtu na chombo chake.

Mume wako kwenye pikipiki. Zaidi ya vifo 20 katika kila 100 vya barabarani ni vya watu walio kwenye pikipiki na vyombo vya magurudumu matatu. Hapo mlipo anaendesha mitaani, kwenye foleni, mwendo mdogo. Kule atakuwa pembeni ya malori, asubuhi na jioni, na kofia imevaliwa na kiwiko. Kofia ile ikiwa mkononi inalinda kiwiko. Huyu ndiye ninayemwogopea kuliko ninyi wote.

Watoto kwenye gari la shule. Hili ningekwenda kuliangalia kwa macho yangu, ndani, kabla ya neno lolote la mkataba. Ingia, kaa kiti cha nyuma, tafuta mkanda. Mara nyingi utaukuta umesukumwa chini ya kiti, kifungio kimeliwa na vumbi, au umekatwa kabisa kwa sababu unasumbua wakati wa kufagia. Hesabu viti, kisha uliza gari linabeba watoto wangapi. Uliza tairi zilibadilishwa lini. Uliza dereva anaamka saa ngapi, na baada ya kuwashusha watoto gari linakwenda kufanya biashara gani nyingine mpaka mchana, kwa sababu dereva mchovu hana tofauti kubwa na dereva mlevi. Kisha simama mahali watakapokuwa wanapandia, saa ileile ya alfajiri, uone kama dereva wa lori anaweza kumwona mtoto aliyevaa sweta la rangi nzito.

Wewe mwenyewe kwenye gari la abiria huna usukani wala breki. Ulicho nacho ni mdomo. Dereva akiovateki kwenye kona, sema. Akishika simu huku anaendesha, sema, maana anayetumia simu kwenye usukani ana uwezekano wa kupata ajali kama mara 4 ya asiyeitumia. Abiria wengine huwa wanasubiri mmoja aanze.

Na hapo mnapoishi? Watoto wanakwenda shule kwa miguu. Si kwamba hakuna hatari. Watembea kwa miguu nao wanakufa kwa wingi, karibu robo ya vifo vyote vya barabarani ni vyao. Lakini ni mwendo mfupi, na njia hiyo unaweza kuitembea nao mwenyewe, ukachagua wapi mnavuka. Usalama huu mlionao hamuuoni kwa sababu haujawahi kuwapigia kelele.

Jambazi naye tusimwachie mtaa. Mzungumze na wapangaji wenzenu mambo yanayofanyika: taa ya mlangoni na ya uchochoro iwake usiku kucha, mlango wa chini uwe na kufuli inayojifunga yenyewe, anayerudi usiku apige simu akiwa anakaribia ili mtu ashuke kumsubiri. Mkoba ukidaiwa, utolewe. Simu nayo itolewe. Jirani yako alichanwa aliposhikilia, na simlaumu, mkono unashika kabla akili haijafikiri. Ndiyo maana watu wanapaswa kuliamua hilo mapema, wakiwa wametulia. Na polisi wapelekewe malalamiko ya mtaa mzima kwa maandishi, yenye saa na mahali pa kila tukio. Vijana wale watatu inaelekea wana saa zao na kona yao.

Limebaki la wewe na mwenzako. Usimwendee na takwimu zaidi, ameshazigeuza fimbo. Mwambie hivi, siku watoto wamelala: "Baba fulani, uliniambia barabara inaua kuliko kisu. Nimekubali. Basi tuishi kama watu tunaoamini hivyo. Mimi naacha kulazimisha nyumba ile. Wewe kuanzia kesho unavaa kofia na kuifunga kamba, kila safari, hata ya karibu. Na usinicheke tena kwa kitu nilichokiona usiku ule." Mpe nafasi ajibu. Nadhani kicheko chake kilikuwa na hofu ndani yake pia. Mwanaume aliyesikia mkewe ameshuka peke yake usiku kumfungulia majeruhi hawezi kuwa hakutetemeka. Muulize. Huenda hamjawahi kulizungumza tukio lenyewe, mmezungumza nyumba tu.

Na kama bado, baada ya taa, kufuli na hayo yote, hutaki kabisa kubaki pale, hameni. Sikukatazi kuhama, nakukataza barabara ile. Tafuteni mtaa mwingine wenye taarifa nzuri ya polisi ulio karibu na shule na kazi, hata nyumba ikiwa ndogo kuliko ile yenye ukuta. Au hameni kule siku mtakapoweza kuhamisha na shule, ili watoto wasiwe barabarani kila alfajiri. Ikitokea mmekwenda na shule ikabaki mjini, basi gari la watoto liwe na mkanda kwa kila kiti na mtoto mmoja kwa kila mkanda, na dereva akikwambia hayo ni masharti ya ajabu, tafuteni dereva mwingine.

Shangazi